Kijani Mguuni

Baba alikufa akiamini ni ulafi.
Jongo lake lilikuwa mzaha wa ukoo:
kila alipoomba kiti, wajomba walimkata kauli,
"Punguza kome, Hēmana! Punguza bia!"
naye alicheka nao,
mguu ukiwa ndani ya ndoo ya barafu.

Nilirithi karakana yake kando ya mto Arahura,
misasa yake, mashine yake ya kusagia,
na mawe ya kijani yashukayo na mafuriko,
yale tuyaitayo pounamu.
Nilirithi na mguu.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Usiku, bila hodi,
shuka liligusa kidole gumba, nikapiga ukelele.
Mereana akaliondoa shuka, akamfukuza na paka,
maana hata nyayo za paka kwenye godoro
zilinifikia kama nyundo.

Tabibu wa kwanza alisema baridi yabisi.
Wa pili, umeteguka.
Wa tatu alitazama tumbo langu kabla ya mguu,
akanipa karatasi: kome, maini, dagaa, bia.
Nikaacha vyote. Nikala kabichi kama mtawa.
Likaja vilevile,
siku ya harusi ya dada, siku ya mazishi ya mama.
Jongo lilikuwa na kalenda yetu.

Miaka ikapita hivyo. Vidole vya mkono vikaota vinundu,
nikaanza kuangusha kazi za watu.

Ndipo nikapanda treni kuvuka milima hadi Christchurch,
kwa daktari Pōhatu, umri wa binti yangu,
aliyeutazama mguu kwanza.
Akanilaza penye mashine kama pete kubwa.
Mionzi ni ya nguvu mbili, alinieleza:
mfupa huijibu hivi, fuwele huijibu vile,
na kompyuta hupaka rangi ili tusibishane.

Akanigeuzia kioo.
Mifupa yangu, na juu yake kijani.
Kijani kwenye kidole gumba, kijani kisiginoni,
kijani kimelizunguka goti kama kuvu la mtoni.
Mimi, mchonga mawe wa miaka thelathini,
nilicheka. Kisha sikucheka.

"Figo zako hubana asidi, haziiachii itoke.
Ni ya kuzaliwa nayo. Wengi wetu tunayo."
"Si kome?"
"Kome huchokoza tu. Mlango uliachwa wazi
kabla hujaonja chochote."

Nikakumbuka ile ndoo.
Wajomba nao wamekufa; hakuna wa kumwomba radhi,
wala wa kuombwa.

Kidonge kimoja kidogo, kisha viwili,
na damu kupimwa kila mwezi, namba ikishuka kwa kusitasita.
Mwezi wa pili jongo likarudi na hasira zake zote.
Niliiweka chupa dirishani niitupe asubuhi.
Mereana akapiga simu.
"Fuwele zikiyeyuka hupiga kelele," daktari alisema.
"Nitaongeza dawa ya kutuliza. Asiache."

Hilo nililielewa.
Pounamu haipasuliwi kwa hasira.
Huisaga, maji na mchanga, maji na mchanga,
na siku nyingi huoni ulichokifanya
ila tope kwenye beseni.

Mwaka wa pili nikalala tena ndani ya pete.
Kijani kilibaki kando ya kifundo, punje ya mchele.
Hakijaisha. Vidonge navyo havitaisha, najua.
Nikaomba picha ile ya kwanza.

Imetundikwa karakanani, karibu na misasa ya baba.
Mwanangu Tāmati, miaka kumi na tisa,
aliuliza ni ramani ya wapi.
Nikazima mashine. Nikamwambia akapimwe damu,
na mtu akicheka, anitajie jina lake.

Jumapili Mereana alipika kome.
Nilikula watatu, taratibu.
Usiku shuka likanidondokea kidoleni,
nami nikasubiri.

Lilikuwa shuka tu.